Miti Niliyoipanda kwa Mkono Wako

Kwako Shisia, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mimi nipo. Magoti yamekataa kazi lakini mdomo uko sawa, wewe unajua. Anayeshika kalamu ni Rispa wa jirani, yule anayefundisha watoto kanisani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Mahali nitakapotukana, naye atukane.

Utauliza kwa nini nakuandikia na wewe uko hapo nje tu, unafunga sanduku kwa kamba ya katani, nakusikia ukikohoa. Ni kwa sababu nikikutazama usoni maneno yananikimbia, naanza kukuuliza kama umekula. Kwa hivyo habari za kufua soksi, na nani wa kumwamkia kule Mumias, na usikopeshe watu, hayo siyasemi. Kama hayakuingia miaka yote hii, hayataingia jioni moja.

Nataka tuzungumze habari ya miti.

Kesho asubuhi, kabla gari la kiwanda cha sukari halijakuchukua pale barabarani, Andrea atakuja na yule bwana wa miwa mwenye karatasi. Baba yako mdogo anataka mteremko wetu uingiwe na trekta, miti ing'olewe, miwa ipandwe kama kwa watu wengine. Mimi mama yake hataniuliza. Atakuuliza wewe, maana miti ile inaitwa yako. Na jibu lako nalijua. Jumapili nilikuwa jikoni nasonga obusuma, nikasikia ukimwambia kwamba hakuna atakayegusa miti ya Kukhu, ya bibi yako, hata kama itabidi uiache kazi ya Mumias urudi kuilinda. Ulisema kwa sauti ya mwanaume. Nikafurahi mpaka nikaunguza chakula. Kisha nikaogopa, na hofu hiyo haijanitoka hadi sasa. Kazi ya kujifunza ufundi kiwandani haimngoji mtu. Kuna vijana wamelala kwenye lile lango wakiitafuta.

Basi kaa kwenye sanduku lako usome pole pole. Nianze mbali.

Ulipoanza kutembea, mimi nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha msitu. Sisi wanawake tulikuwa tunajazanga udongo kwenye vimfuko vyeusi na kutia mbegu za misaiprasi, mti huu ambao siku hizi kila mtu anauita mti wa Krismasi. Asubuhi ukungu ulikuwa unatoka msituni unalala juu ya miche, na sisi tunaonekana vichwa tu, kama watu wanaooga mtoni. Msitu ulitaka mti mrefu ulionyooka, wa kupasua mbao. Mche mfupi wenye matawi mengi tangu chini ulitupwa shimoni. Kila jioni nilipita pale nikaviona vile vitoto vya miti vimelala, bado kijani, na roho yangu ikakataa. Nikamwomba nyapara. Akacheka, akasema nichukue tu, takataka hizo hazitanipa hata mpini wa jembe.

Lakini mimi nilikuwa nimewahi kufagia nyumba ya wamisheni, na Desemba moja niliingia na ufagio wangu nikakuta mti umesimama ndani. Mti, ndani ya nyumba. Ulikuwa mfupi, mnene, umevaa matawi mpaka chini kama mama aliyevaa rinda, na pamba imewekwa juu yake kama ukungu wa kule kitaluni. Hakuna aliyeukatia kuni. Hakuna aliyeufungia mbuzi. Watu waliingia, wakautazama, wakashusha sauti. Nilidhani nimelala nikiwa nimesimama. Siku ile nikajua kwamba kuna mtu anayeweza kulipia kitu ambacho hatakila wala kukijengea nyumba, na hilo likanikaa moyoni kama ndoto ambayo mtu hamwambii mwenzake.

Kwa hivyo miche nikawa nayo, na mteremko ulikuwepo, ule babu yako alisema haufai mahindi. Kilichokosekana ni mkono. Kwetu mwanamke hapandi mti, unajua. Atachimba shimo, atabeba maji, atabeba samadi kichwani, lakini kuuteremsha mche ndani ya udongo ni kazi ya mwanaume, kwa kuwa anayepanda mti amesema ardhi hii ni yangu. Mwanamke akithubutu, wanasema mume atakufa, au tumbo lake litafunga. Babu yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, Mungu amlaze pema, na mvivu mwenye maneno. Alisema hawezi kuuvunja mgongo wake kwa ajili ya mti wa kuvalishwa pamba. Kisha akanikazia macho.

"Lakini usipande wewe. Mimi bado napenda kuishi."

Andrea alikuwa ameenda kutafuta kazi. Baba yako tulikuwa tumeshamzika, na mama yako alikuwa ameolewa kwingine. Mwanaume mwingine aliyebaki katika boma ni wewe, na ulikuwa hujaacha kunyonya kidole.

Nikakukalisha kando ya shimo la kwanza, nikaukunja mkono wako kwenye mche, tukauteremsha pamoja. Kisha la pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa jua limetoka, mteremko wote unatoa mvuke, ardhi inapumua kama ng'ombe aliyelala. Safu ya kwanza ulicheka. Safu iliyofuata ukala udongo. Baadaye ukalala, na miche ilikuwa inanyauka, ningefanya nini? Nikakufunga kifuani kwa leso, mkono wako nikauacha nje, nikaendelea kupanda kwa mkono wa mtoto aliyelala. Nusu ya mteremko ule, Shisia, uliupanda ukiwa ndotoni. Labda ndiyo maana kila ukiingia mle unanyamaza.

Sasa nikuambie miti ile ni kitu gani, kwa sababu wewe unaipenda, na mtu akipenda hahesabu.

Mwenye miwa ana kampuni nyuma yake. Analimiwa, anapewa mbolea, anakaa, anakatiwa. Mwenye mti wa Krismasi ana panga lake na subira yake. Misimu miwili ya mwanzo nilipanda maharagwe katikati ya safu, tukala. Baada ya hapo kivuli kikafunga, majani makavu yakaanguka, na chini ya misaiprasi haioti hata mboga ya msaga. Hapo unalisha shamba ambalo halikulishi. Unang'oa magugu, unapigana na mchwa, unapigana na mbuzi wa watu. Na mvua yetu hii ya Kakamega inaudekeza mti vibaya. Unakimbia juu, mwembamba, kama msichana anayekua haraka kuliko nguo zake. Lazima uupogoe kila mvua inapokwisha, ukate ncha, uuzunguke, urudi nyuma uutazame, uukate tena, mpaka unene. Mwaka ule nilipolazwa na homa ya mapafu sikuupogoa msimu mmoja tu. Nilipotoka hospitali safu zote za juu zilikuwa zimepita kimo cha paa. Nani ataingiza mti huo nyumbani, atoboe mabati? Tuliwauzia wajenzi, zikawa nguzo.

Na soko lake, mume wangu, ni kama upinde wa mvua. Unauona, unaukimbilia, umeondoka. Ukiwa na mahindi usipouza leo utauza mwezi ujao. Mti wa Krismasi asubuhi ya sikukuu ni kuni, tena kuni mbaya, inarusha cheche inatoboa blanketi. Halafu kila boma hapa lina ua wa misaiprasi. Watoto wanakata matawi bure, wanayafunga mlangoni, imetosha. Kuna mzee wa kanisa alikuja kuniuliza kama sioni haya kuuza kitu ambacho Mungu amekiotesha kwenye kila ua. Nikamwambia Mungu ameotesha pia kuku, na yeye anauza.

Mwaka wa kwanza wa kuuza nilifanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso. Novemba nilikwenda mjini, mtaa wa Shirere, nikazunguka nyumba za kupanga za makarani na walimu. Kila mama alinikaribisha, akasema nilete, atachukua. Nikarudi nyumbani nimelewa bila pombe. Kila nilipofumba macho niliona dirisha lenye taa, na ndani ya dirisha mti wangu. Nikangoja mpaka sikukuu iko mlangoni ndipo nikakata, ili wapate mti mbichi. Nikakodi mkokoteni. Tulipofika, Shirere ilikuwa imefungwa kufuli. Mlango, kufuli. Mlango, kufuli. Kamba za nguo tupu, kuku hakuna. Kumbe mtu wa mjini Krismasi anaenda kwao. Nani asiyejua hilo? Mimi mwenyewe nilikuwa namngoja Andrea afike kutoka kazini kwake na mkate. Nilijua kama mama, lakini kama mwenye kuuza sikujua.

Nikakaa katikati ya barabara na miti yangu. Upepo ulipita ndani yake ukanong'ona, na hapakuwa na sauti nyingine mji mzima. Nilijiona kama mtu aliyeota amehamia mahali ambapo watu wote wamekwenda mbinguni wakamsahau. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikampa mlinzi mmoja mti kwa kichane cha ndizi.

Tangu hapo nikajua nimfuate anayefika, nimwache anayeondoka. Na hapo ndipo miwa iliponibeba, lazima niseme ukweli hata kama Andrea atasikia. Kiwanda kilipowaka kule Mumias, watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa mpaka kwenye choo. Mzee akishalipwa anaingia soko la Lubao na koti zito katikati ya jua, ananunua redio, ananunua ng'ombe, mwingine ananunua mke. Na hao wake, wa zamani na wapya, wakataka sebule kama ya meneja. Mmoja akiweka mti wenye pamba na puto, mwenzake anatafuta mnene zaidi. Watoto wao wa Nairobi nao wanafika, wanataka kuonekana. Hao ndio walioninunulia. Sare zako za shule zilitoka hapo, na mabati haya yaliyo juu ya kichwa cha Rispa.

Unakumbuka siku za soko? Vijana wa baiskeli walikuwa wanakujanga kabla jua halijatoka, kila mmoja anafungiwa miti nyuma yake, wanaondoka kwa mstari. Ukungu ulificha magurudumu na ulificha vijana wenyewe. Ulitoka mlangoni na shuka mwilini, ukasimama, ukaniambia polepole kama mtu anayeogopa kuamsha kitu:

"Kukhu, msitu unaenda sokoni."

Hilo sijalisahau. Sina neno jingine zuri nililowahi kuambiwa na mwanaume.

Lakini mwaka mwingine matope yalikataza matrela kuingia mashambani, miwa ikabaki imesimama mpaka mwaka mpya, na koti halikuja Lubao hata moja. Miti niliyokata niliipikia maharagwe. Mimi nilikuwa nawacheka wenye miwa kwamba wamejifunga kwa kampuni, na kumbe nami nilikuwa nimefungwa nyuma yao kama ndama. Na mwaka mwingine shamba la jirani lilishika moto, moto ukaruka ukala safu za chini. Majivu meusi ya miwa yaliteremka siku nzima, marefu, mepesi, ukasema mbingu inachanika. Na moshi wa misaiprasi ukaenda vijiji vyote. Agosti ile ilinuka Krismasi. Watu walisimama barabarani wakinusa, wanatabasamu bila kujua kwa nini, na mimi nimekaa chini na tawi la kuzimia moto mkononi, nguo imeungua, nami nanusa pia.

Kwa hivyo usije ukamwambia Andrea kwamba miti inalipa kuliko miwa. Miaka mingine inalipa, miaka mingine inakula. Andrea si mjinga, ni mchoyo kidogo tu kama baba yake alivyokuwa mvivu. Ana watoto wa kusomesha. Ukimtukana kesho nitakuchapa mbele ya mgeni.

Sasa lile la kuogopa.

Babu yako alikufa kifua. Wewe ulikuwa mkubwa kidogo, ulisikia anavyokohoa. Lakini pale matangani, nimekaa chini na wajane wenzangu, nikasikia mwanamke nyuma yangu akimwuliza mwingine:

"Mkono wa mtoto aliyelala ni mkono wa nani?"

Basi. Hakuongeza kitu. Watu wote walikuwa wamejua tangu mwanzo nilivyopanda, walikuwa wanacheka nami. Siku ile hawakucheka. Na mimi, ambaye husemwa nina mdomo kama panga, nikauma leso yangu nikanyamaza. Tangu siku hiyo mtu akiuliza habari ya mteremko nasema ni wa Shisia, Shisia ndiye aliyepanda. Nilikuweka mbele yangu kama mlango. Na wewe ukakua ukisikia hivyo kila siku, mpaka ukaamini kwamba una deni na miti. Nilidhani nakupa mali. Sikuona kwamba ni kamba, na kwamba siku utakayotaka kwenda, itakuvuta.

Najua unavyofikiri. Unafikiri miti ikianguka, Kukhu ataanguka. Nikuambie, nimeanguka mara nyingi na miti imesimama. Nilianguka baba yako alipokufa, nayo ilikuwa bado haijapandwa. Mtu haishi kwa sababu ya miti. Mimi naishi kwa sababu ya ukaidi, na huo hautaki kupogolewa.

Unafikiri pia kwamba utafanya kazi Mumias na kila Jumamosi utakuja kwa baiskeli kupogoa. Hutakuja. Utakuja mwezi wa kwanza, utakuja wa pili, halafu utachoka, halafu utaona haya kuja kwa sababu hukuja. Nimewaona watoto wanaokaa mbali na kwao kwa sababu ya haya, si kwa sababu ya ubaya. Mimi sitaki uione nyumba hii kama kazi ambayo hukuimaliza. Nataka ukija, uje kula kuku.

Na msichana yule wa Mumias ambaye unadhani simjui, yeye pia hataki mume aliyeoa mteremko.

Kwa hivyo sikiliza ninachokuomba. Rispa ameacha kuandika ananitazama, nimemwambia aendelee.

Kesho Andrea atakapouliza, na yule bwana amefungua karatasi yake, usiseme ikatwe. Usiseme ibaki. Simama wima kama ulivyosimama Jumapili, useme kwamba miti ile haikuwa yako kamwe, kwamba aliyepanda ni Kukhu, shimo la kwanza mpaka la mwisho, na mkono wako aliuazima tu. Useme kwa sauti, na wale wazee wanaopendanga kukaa ukutani wakisubiri chai wasikie.

Najua nakuomba jambo zito. Yatarudi yale ya matangani. Kuna watakaosema ndiyo hiyo, amekiri, alimwua mzee. Waache. Mwiko ulisema mume atakufa, na mume sina. Ulisema tumbo litafunga, na tumbo langu lilifunga lenyewe zamani, bila kuuliza mti. Kama kuna adhabu nyingine wataitafuta, na mimi nitakaa hapa nikiingoja na chai. Nilinyamaza siku ile kwa kuwa nilikuwa na mtoto wa kulea na ardhi ya kunyang'anywa. Sasa mtoto ana sanduku lake. Kuna nini tena cha kunitisha?

Ukishasema, Andrea atageuka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ataniuliza mimi. Tutapigana vizuri, mtu mzima na mtu mzima. Labda nitampa pale chini karibu na barabara trekta inapofika, apande miwa yake asomeshe watoto. Labda ile mirefu tutawauzia wajenzi. Pale pakali juu pataota misaiprasi mpaka nichoke, au nitaikata yote wiki ijayo kwa hasira zangu, niote jua. Wewe hayo hayakuhusu. Ukiwa Mumias ukasikia imekatwa, usilie, na ukisikia imebaki, usijivunie. Uliza tu kama nimekula.

Halafu panda gari lao uende. Mimi sitakuja mpaka barabarani, nitakuwa nazungumza na watu kuhusu miti yangu.

Ni mimi, Muhonja, niliyeipanda.